Bajeti ya anga za juu: Mkulima wa chai wa Kericho na Bomet ananufaika vipi?

MKULIMA wa chai katika miinuko ya Kericho na Bomet ana maadui wawili wanaomjia kutoka juu. Wa kwanza ni mvua ya mawe, ambayo huchana majani machanga kwa muda wa dakika chache na kuacha shamba limetapakaa vipande vya kijani. Wa pili ni sakitu, yaani ile baridi ya usiku inayogandisha umande na kuunguza machipukizi, hasa katika miezi ya kiangazi ya Januari na Februari.

Maadui hao wawili huweza kuonekana kutoka angani. Setilaiti huyaona mawingu makubwa yakijikusanya mchana, na huweza kupima joto la ardhi usiku ule ambao sakitu inatanda mabondeni. Ndiyo sababu suala la serikali kutenga fedha kwa ajili ya mpango wa kitaifa wa anga za juu, ambalo kwa wengi huonekana kuwa anasa ya mataifa tajiri, linamhusu pia mtu ambaye hajawahi kuona roketi ikipaa, na ambaye hesabu zake ni kilo za majani mabichi zinazopimwa katika kituo cha kununulia chai.

Makala haya yanaeleza jinsi Kenya ilivyoingia katika shughuli za anga za juu, njia ambayo fedha zake hupitia, zinakokwenda, na maswali ambayo mlipa ushuru ana haki ya kuyauliza.

Roketi za Kericho

Si wengi wanaokumbuka kwamba roketi ziliwahi kurushwa Kericho kwenyewe. Katika miaka ya 1960, wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki walifanya jaribio la miaka minne la kufyatua roketi zenye baruti kuelekea mawinguni juu ya mashamba ya chai, kwa matumaini kwamba mlipuko ungezuia mawe yasikue makubwa kiasi cha kuharibu majani.

Sababu ya kuchagua Kericho ilikuwa wazi. Wataalamu wa hali ya hewa huitaja Kericho na Nandi jirani yake miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe kwa siku nyingi zaidi duniani. Hewa yenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Victoria, hupanda kwenye miinuko iliyo zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kufikia alasiri huwa imejenga mawingu marefu yanayoshusha mawe.

Baada ya roketi zilikuja ndege. Kwa takriban miaka kumi, hadi katikati ya miaka ya 1970, ndege ndogo zilinyunyizia mawingu ya Kericho kemikali ya iodidi ya fedha, kwa lengo lile lile la kupunguza ukubwa wa mawe. Mwaka 1982 watafiti wengine walichapisha maelezo ya kushangaza kwamba vumbi la majani makavu yaliyolala chini ya michai, likitimuliwa na wachumaji na kuchukuliwa na upepo, huenda ndilo linaloyapa mawingu chembe za kuanzia kugandisha maji.

Shughuli hizo zote ziliacha funzo moja la kibajeti. Mawingu ya kunyunyiziwa dawa hayakuchaguliwa kwa kura, kwa hiyo haikuwezekana kutenganisha kwa uhakika kazi ya kemikali na kazi ya bahati. Fedha zilitumika na rubani alifanya kazi yake, lakini swali la kama chai iliokolewa halikupata jibu ambalo kila mtu angelikubali. Mradi wowote wa anga usiopangiwa tangu mwanzo jinsi ya kupima faida yake hujikuta katika hali hiyo hiyo.

Malindi na jina la Uhuru

Wakati roketi ndogo za Kericho zikipasua mawingu, roketi za aina nyingine zilikuwa zikitayarishwa Pwani. Italia, kupitia Chuo Kikuu cha Roma na mhandisi Luigi Broglio, ilijenga majukwaa ya San Marco na Santa Rita baharini katika ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo kwa kutumia roketi za Marekani aina ya Scout.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta. Dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari imebebwa na kasi hiyo. Mafuta yanayookolewa ni fedha zinazookolewa.

Setilaiti iliyopata umaarufu zaidi ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Kwa heshima ya siku hiyo, Wamarekani waliibatiza jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Hata hivyo, jina lilikuwa la Kiswahili ilhali chombo, roketi na matokeo yalikuwa ya wageni. Swali la Kenya inapata nini kutokana na ardhi na bahari yake limeulizwa mara nyingi tangu wakati huo. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo hicho, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Broglio, ulitiwa saini mjini Trento mwaka 2016. Mkataba huo unataja mambo ambayo Kenya inafaa kupewa, yakiwamo mafunzo, data za uchunguzi wa dunia, huduma za tiba kwa njia ya mawasiliano, na msaada kwa shirika lake la anga za juu.

Shirika linaloishi ndani ya Wizara ya Ulinzi

Shirika la Anga za Juu la Kenya, linalojulikana kwa herufi KSA, liliundwa mwaka 2017 kwa agizo la kisheria, likichukua nafasi ya sekretarieti iliyokuwepo kabla yake. Liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Kazi yake ni kuratibu, kukuza na kusimamia shughuli zote za anga za juu nchini.

Kuwekwa kwake chini ya Ulinzi kuna maana kubwa katika bajeti. Mkulima anayetafuta fedha za anga za juu katika makadirio ya Wizara ya Kilimo hatazipata. Atazipata katika fungu la Ulinzi, kwenye programu ya usimamizi wa masuala ya anga za juu, ambayo ni sehemu ndogo mno ya fungu hilo kubwa. Programu ndogo ndani ya wizara kubwa ina faida ya kulindwa na jirani mwenye nguvu. Ina hasara pia: huweza kusahaulika katika mjadala unaotawaliwa na mishahara ya wanajeshi na usalama wa mipaka.

Majukumu ya shirika hilo hayaishii kwenye setilaiti. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzani wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. KSA ndilo lililotuma wataalamu kuichukua na kueleza kwamba ilikuwa kipande cha roketi. Kwa bahati njema hakuna aliyejeruhiwa. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kinayosababisha ardhini, lakini ni lazima kwanza kuwe na mtu anayeweza kuthibitisha chombo hicho ni cha nani. Uwezo huo nao hugharimiwa na bajeti.

Fedha hupitia njia gani

Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, safari ya kila shilingi huanza karibu miezi kumi kabla ya hapo.

Kufikia Agosti 30, Hazina Kuu hutoa waraka unaozieleza wizara zote ratiba na masharti ya kuandaa bajeti. Wizara hukutana katika makundi ya sekta, ambako kila taasisi hutetea mahitaji yake, na vikao vya hadhara huitishwa. Kufikia Februari 15, Hazina hupeleka bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti, ambayo huweka kiwango cha juu ambacho kila sekta inaweza kupewa. Hapa ndipo hatima ya miradi mingi huamuliwa kimyakimya, kwa sababu baada ya viwango kupitishwa, nyongeza kwa mmoja lazima itoke kwa mwingine.

Kufikia Aprili 30, makadirio kamili huwasilishwa katika Bunge la Taifa. Kamati husika, ikiwamo ile inayoshughulikia ulinzi, huyachambua na kuripoti kwa Kamati ya Bajeti. Mswada wa Matumizi ya Fedha unafaa kupitishwa kabla ya Juni 30. Ikiwa mambo yataharibika katikati ya mwaka, serikali huandaa bajeti ya ziada, ambayo licha ya jina lake mara nyingi hupunguza badala ya kuongeza.

Mfano wa karibu ni wa Juni 2024. Baada ya maandamano makubwa ya vijana, Rais William Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha wa mwaka huo, na Hazina ikalazimika kukata matumizi ya wizara mbalimbali. Katika nyakati kama hizo, miradi ya maendeleo ndiyo hukatwa kwanza, kwa kuwa mishahara na madeni hayangoji. Barabara iliyoachwa nusu huweza kuendelezwa mwaka unaofuata. Setilaiti iliyoachwa nusu hupoteza nafasi yake katika roketi, na wahandisi wake hutafuta kazi kwingine.

Ni muhimu pia kutofautisha matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Ya kawaida hulipa mishahara, kodi za ofisi na umeme. Ya maendeleo hununua vifaa na kujenga vituo. Shirika la anga lenye matumizi ya kawaida pekee lina wataalamu wasio na chombo. Lenye matumizi ya maendeleo pekee lina chombo kisicho na mtu wa kukiendesha.

Shilingi milioni 50: ni nyingi au kidogo?

Setilaiti ya kwanza iliyohusishwa na Kenya katika enzi hii ilikuwa 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa Mei 11, 2018 kutoka katika kituo cha kimataifa cha anga za juu. Ilikuwa mchemraba wa sentimita kumi kila upande. Nafasi ya kuirusha ilitolewa bila malipo na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la anga la Japani, na wataalamu wa Italia walisaidia.

Taifa-1 ilifuata. Ilirushwa Aprili 15, 2023 kwa roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX kutoka Vandenberg, California, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa. Ilibeba kamera ya kupiga picha za ardhi, na ilitangazwa kuwa picha hizo zingesaidia kilimo, usalama wa chakula na utunzaji wa mazingira. Wahandisi wa Kenya waliibuni, kisha ikatengenezwa na kufanyiwa majaribio kwa ushirikiano na kampuni moja ya Bulgaria. Gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi milioni 50.

Tuchukue kalamu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Milioni 50 zikigawanywa kwao, kila mmoja alichangia shilingi moja na senti tano hivi. Kericho ilikuwa na watu 901,777 na Bomet 875,689, kwa hiyo kaunti hizo mbili zilibeba kama shilingi milioni 1.87. Hata kama mzigo wote ungeachiwa wakulima wadogo wa chai nchini, ambao ni zaidi ya 600,000, kila mmoja angetoa chini ya shilingi 85, ambayo ni bei ya kilo chache za majani mabichi.

Kwa kipimo hicho, ni kidogo. Shirika la NASA la Marekani hupata takriban dola bilioni 25 kwa mwaka mmoja. Lakini udogo wa bei si ushahidi wa faida. Setilaiti ndogo huishi miaka michache tu angani kabla ya kushuka na kuungua, au kabla ya betri na vyombo vyake kuchoka. Mlipa ushuru hanunui setilaiti mara moja kama anavyonunua panga. Ananunua kama anavyonunua mbolea: msimu ukipita, inatakiwa nyingine. Juu ya hayo kuna kituo cha kupokea mawasiliano, kompyuta za kuhifadhi picha, na wataalamu wa kuzisoma. Gharama ya kweli ya mpango wa anga za juu ni jumla ya mambo hayo yote kwa miaka kumi au zaidi.

Picha za bure na gharama yake

Hapa hutokea swali zito. Ikiwa picha nyingi za setilaiti hupatikana bila malipo, kwa nini Kenya inunue setilaiti yake?

Ni kweli kwamba picha za Landsat za Marekani, ambazo zimekusanywa tangu mwaka 1972, zimekuwa bure kwa kila mtu tangu 2008. Picha za setilaiti za Sentinel za Umoja wa Ulaya pia ni bure. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hupokea picha za Meteosat, ambazo huonyesha mawingu ya Afrika nzima kila baada ya robo saa, na vifaa vya kuzipokea vililetwa katika nchi za Afrika kwa msaada wa Ulaya.

Chai ya Kericho imewahi kunufaika moja kwa moja na ukarimu huo. Januari 2012 sakitu kali ilishambulia mashamba ya Kericho na maeneo jirani na kusababisha hasara kubwa. Katika kipindi hicho, kituo cha kikanda cha ramani cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, kilikuwa kikitayarisha ramani za kuonyesha sehemu zilizopatwa na sakitu usiku uliotangulia. Ramani hizo zilitumia vipimo vya joto la ardhi vilivyochukuliwa na vyombo vilivyomo katika setilaiti za Marekani za Terra na Aqua, chini ya mpango wa SERVIR ulioendeshwa na NASA na shirika la misaada la USAID.

Faida ya ramani kama hiyo ni ya vitendo. Sakitu haisambai sawasawa. Hewa baridi ni nzito, hutiririka mtelemko kama maji na kutuama mabondeni, hivi kwamba shamba la juu linaweza kupona na la chini likaungua. Kiwanda kinachojua mapema ni vijiji vipi vimepigwa huweza kupanga upya malori ya kukusanya majani. Mkulima huweza kujua kwamba bonde lake ni la sakitu, na akaahirisha kupogoa michai yake hadi kiangazi kiishe, kwa kuwa mchai uliopogolewa karibuni huumia zaidi. Kampuni ya bima nayo hupata ushahidi usiotegemea maneno ya mdai.

Lakini Terra ilirushwa mwaka 1999 na Aqua mwaka 2002, na zote mbili zilivuka zamani umri wa miaka sita uliokusudiwa. Isitoshe, mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika la USAID, ambalo lilikuwa mfadhili mkuu wa upande wa pili wa mpango huo. Uamuzi huo ulipitishwa Washington kwa sababu za Washington. Hakuna mkulima wa Sotik wala mbunge wa Nairobi aliyeulizwa.

Hii ndiyo gharama ya kitu cha bure. Mwenye nacho akibadili nia, mpokeaji hana pa kushtaki. Kwa hiyo hoja yenye nguvu ya kutenga fedha za ndani haihusiani na fahari ya kuona bendera angani. Inahusu kuwa na uhakika kwamba huduma ambayo watu wameanza kuitegemea haitazimwa na mtu ambaye hawakumchagua.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga nao wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Katika kaunti hizo hizo za chai, barabara za kufikisha majani kiwandani huharibika kila msimu wa mvua, na majani yanayochelewa hupoteza ubora. Wakulima wa upande wa magharibi wa Bonde la Ufa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, setilaiti ni jibu la swali ambalo hakuuliza.

Hoja ya pili ni ya kurudiarudia kazi. Kenya ina Idara ya Hali ya Hewa, ina idara ya serikali ya kuchunguza rasilimali kwa picha za angani ambayo asili yake ni miaka ya 1970, ina idara ya upimaji ardhi, na ni mwenyeji wa RCMRD, kituo kilichoanzishwa mwaka 1975 na kinachomilikiwa na nchi kadhaa za Afrika. Kila taasisi ikinunua kompyuta zake na picha zake, mlipa ushuru hulipia kitu kimoja mara tatu au nne. Kazi ya kuratibu iliyopewa KSA ina maana tu ikiwa itapunguza marudio hayo.

Hoja ya tatu ni ya ukweli wa kisayansi. Setilaiti haizuii sakitu wala mvua ya mawe. Kwa mvua ya mawe, ambayo huzuka na kuisha katika muda mfupi na kupiga eneo dogo, rada iliyo ardhini huona vizuri zaidi kuliko setilaiti. Anayewaahidi wakulima kwamba chombo cha angani kitawaondolea mawe anawadanganya, na ahadi za aina hiyo ndizo huua imani ya umma katika miradi ya sayansi.

Pengo kati ya Nairobi na shamba

Kuna pengo jingine ambalo halizungumzwi sana. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kilimo ni jukumu la serikali za kaunti, ilhali ulinzi na shirika la anga za juu ni vya serikali kuu. Picha hupokewa na kusomwa Nairobi kwa fedha za serikali kuu. Afisa wa kilimo wa nyanjani anayepaswa kumweleza mkulima maana ya picha hiyo hulipwa na kaunti.

Matokeo yake ni kwamba mnyororo una wenyewe wawili na bajeti mbili. Serikali kuu ikitoa mamilioni kwa setilaiti, nayo kaunti isitenge hata mafuta ya pikipiki ya afisa wa nyanjani, ramani ya sakitu itabaki kuwa picha nzuri katika kompyuta. Kila kaunti ina mkurugenzi wa huduma za hali ya hewa, na redio zinazotangaza kwa lugha ya Kikalenjin husikilizwa katika kila boma. Njia ya kufikisha habari ipo. Kinachohitajika ni fedha kidogo za mwisho wa safari, ambazo ni rahisi kuzisahau kwa kuwa hazina sherehe ya uzinduzi.

Hali ni hiyo hiyo kwa msitu wa Mau, ambao mvua na mito yake ndiyo uhai wa chai ya Kericho na Bomet. Picha za setilaiti zilionyesha waziwazi jinsi msitu ulivyokuwa ukiliwa mwaka baada ya mwaka. Picha hazikukosekana. Kilichochelewa kilikuwa uamuzi wa watu waliozitazama.

Majirani wanafanya nini

Kenya haiko peke yake katika njia hii. Ethiopia ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya kuchunguza ardhi Desemba 2019 kutoka China, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na China. Rwanda ilikuwa na setilaiti ndogo angani mwaka huo huo. Uganda ilifuata mwaka 2022 kwa chombo kilichotengenezwa na wahandisi wake vijana waliokuwa wakisoma Japani. Aprili 2025, Shirika la Anga za Juu la Afrika lilizinduliwa rasmi jijini Cairo chini ya Umoja wa Afrika.

Funzo linaloonekana ni kwamba karibu kila nchi ilianza kwa mkono wa rafiki. Si aibu. Swali la kibajeti ni kama nchi hiyo ilitenga fedha za kuendelea baada ya rafiki kuondoka, na kama vijana waliofunzwa walikuta kazi waliporudi nyumbani. Mawingu yanayounguruma Kericho hayajui mpaka, na huenda gharama ya setilaiti moja ikawa nyepesi ikibebwa na nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja, kama zilivyobeba RCMRD kwa miongo mitano.

Maswali ya kuuliza

Katiba, katika kifungu cha 201, inataka masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Vikao vya maoni kuhusu bajeti vinapoitishwa, si lazima mkulima awe mhandisi ndipo aseme. Maswali machache yanatosha.

Fedha zinazoombwa ni za mwaka mmoja au kuna mpango wa kuendelea chombo kikichoka? Ni kiasi gani kitakwenda kwa chombo, na kiasi gani kwa watu watakaosoma picha zake? Taasisi gani nyingine ya serikali inafanya kazi hiyo tayari? Picha hizo zitamfikia nani katika kaunti, kwa lugha gani, na baada ya saa ngapi? Na mwishoni mwa mwaka, faida itapimwa vipi?

Baada ya mwaka wa fedha kumalizika, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwa na miezi sita ya kukagua na kuripoti. Ripoti hizo ni za umma, na ndizo huonyesha kama fedha zilizosomwa kwa mbwembwe katika hotuba ya Juni zilifika zilikokusudiwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkulima wa chai analijua hilo kuliko wengi. Kila anapopimiwa majani hupewa risiti, na huitunza hadi siku ya bonasi. Kwa fedha anazochangia ili taifa lake liwe na jicho angani, anastahili risiti pia: onyo linalomfikia kabla ya baridi kushuka bondeni mwake, na hesabu inayoonyesha liligharimu kiasi gani.